Mbuzi Wametoka, Ngamia Wamebaki

Wale mlionitumia matusi wiki nzima, nimeyapata. Mmoja kaandika kwamba mama anayecheza karata hadi akampoteza ngamia wa mtoto wake hafai kuitwa mama. Mwingine kanihubiria kwamba kamari ni haramu, kana kwamba mimi nililelewa na fisi. Ahsanteni. Mmemaliza? Basi kaeni niendelee.

Aliyekuwa safarini wiki jana nitamwambia kwa kifupi, kisha asinisumbue tena. Naitwa Ruweyda. Nilizaliwa Hadado, nikakulia nyuma ya ngamia, nikaolewa Garissa na Guleid, dereva wa lori la mifugo. Binti yetu Iftin alipozaliwa, baba yangu alimpa ngamia wa kitovu, kama ilivyo desturi yetu. Mtoto akikatwa kitovu anapewa jike lake, na chochote atakachozaa jike yule ni mali ya mtoto. Ngamia huyo anaitwa Barwaqo. Na mimi, kwa kiburi changu, nilimweka Barwaqo mezani katika mchezo wa ishirini na moja, na wifi yangu Bishara akamchukua.

Bishara ni dada mkubwa wa mume wangu. Ana chumba cha kupaka hina si mbali na soko. Swala ya adhuhuri ikiisha anafunga mlango kwa komeo, hina inawekwa kando, zinatoka karata. Waume wanajua wake zao wanapakwa hina. Hina gani ya kila siku? Hakuna anayeuliza.

Haya. Jumapili asubuhi nilimfuata Bishara nikamwombe. Mimi, kumwomba Bishara! Hata sijakaa akaanza.

"Naa Ruweyda, umekuja kupakwa hina ama umekuja kulia?"

"Wifi, nirudishie ngamia wa mtoto. Chukua kitu kingine."

"Kitu gani? Wewe ulikuja kwetu na nini?"

Hilo ndilo swali lao. Nimeulizwa jikoni, nimeulizwa mbele ya wageni, nimeulizwa nikiwa na uchungu wa kuzaa. Ngamia wangu mimi wa kitovu alikufa na ukame nikiwa msichana, na hakuna aliyenipa mwingine. Nikaingia nyumba ya watu mikono mitupu, na hawajanisamehe mpaka leo. Iftin asije akaulizwa swali hilo maishani mwake. Ndiyo sababu nilirudi kwa Bishara, na ndiyo sababu sijali mnaniita nani.

"Iftin ni damu yako," nikamwambia.

"Damu yangu, ndiyo. Lakini ngamia uliniwekea wewe mezani, mbele ya mashahidi. Jumatano ni siku ya soko. Barwaqo anapanda lori la Nairobi."

"Ana mimba, Bishara!"

"Basi watapata nyama mbili."

Wallahi, mkono wangu ulikuwa juu ya bakuli la hina. Kidogo tu nimvike kichwani.

"Ukitaka, kamwambie kaka yangu," akaendelea, anajitazama kucha. "Guleid yuko Masalani anapakia ng'ombe, anarudi Jumanne alasiri. Mwambie mkewe amemcheza karata ngamia wa mtoto. Lakini nisubiri nije, nataka kusikia."

"Tucheze tena," nikasema.

Akainua macho. "Utaweka nini?"

"Dhahabu yangu ya mahari. Yote. Dhahabu kwa Barwaqo, Jumanne adhuhuri."

Bishara alicheka hadi akafuta machozi. Pembeni, juu ya mkeka, mama yao alijigeuza akaendelea kulala. Huyo ni Hooyo Maka, mama mkwe wangu. Amekuwa akishinda kwenye kona ile tangu chumba kilipofunguliwa, tasbihi mkononi, macho kayafumba, na sisi sote tulikuwa tunasema hasikii tena. Hajawahi kunipenda. Siku ya harusi aliitazama miguu yangu akasema imezoea mchanga, basi.

"Jumanne," Bishara akasema. "Na uje na kitambaa cha machozi."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa Arbia.

Arbia ni mwanamke wa Isiolo anayeuza mitumba nyuma ya soko. Zamani alikuwa akigawa karata katika nyumba moja ya kamari huko Nairobi, na Bishara ndiye aliyeutangazia mji mzima kwamba huko alikuwa anauza na vingine. Nilipomweleza shida yangu aliendelea kukunja suruali zake.

"Skiza, mama," akasema mwishowe. "Nitakufundisha, lakini si eti nakupenda. Mtu anaweka ngamia wa mtoto na hata mchezo hajui? Wewe ni mjinga. Ni vile huyo wifi yako simtaki hata kivuli chake."

"Hata mimi sikupendi," nikasema.

"Poa. Tutaelewana."

Akaning'iniza shuka mlangoni, akatoa karata, akachukua hanga ya nguo ya mbao. Nikadhani hanga ni ya kutundikia shuka. Thubutu!

"Mfalme, malkia na jeki zote ni kumi. Ree, hii yenye alama moja, ni moja ama kumi na moja, vile inakufaa. Ukivuka ishirini na moja umeungua. Hayo unayajua?"

"Nayajua."

"Una kumi na mbili. Mimi mwenye benki, ninayegawa, nimeonyesha sita. Unafanya?"

"Naongeza."

Paa! Hanga vidoleni.

"Unaongeza nini na wewe? Mwenye benki lazima avute mpaka afike kumi na saba. Akionyesha nne, tano, sita, yeye ndiye ako na shida. Tulia, mwache ajichome. Akionyesha saba kwenda juu, hapo sasa unaongeza mpaka na wewe ufike kumi na saba. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Umepata ree mbili."

"Nazitenganisha, zinakuwa mikono miwili."

"Nane mbili?"

"Natenganisha."

"Kumi mbili?"

"Nata..."

Paa!

"Ishirini mkononi unaitenganisha? Unataka nini zaidi, ishirini na tisa?"

Tulikwenda hivyo hadi vidole vikavimba. Nilimchukia mwanamke yule kuliko Bishara, lakini jioni hiyo hakuwa ananipiga tena. Alikuwa anauliza, mimi najibu, hata kabla hajamaliza.

Jumatatu akaniambia hayo yote ni ya kujikinga tu. Ya kushinda ni kujua karata gani zimebaki.

"Kila karata ndogo ikitoka, mbili mpaka sita, ongeza moja kichwani. Kubwa ikitoka, kumi, picha ama ree, toa moja. Saba, nane, tisa, wachana nazo. Ndogo zikitoka sana, zilizobaki ni kubwa, na hapo ndipo unaweka mzigo. Hesabu."

Nikashindwa. Wacheni nicheke sasa, siku ile sikucheka. Karata zilikuwa zinaanguka, mimi nahesabu kwa midomo kama mtoto wa madrasa, nikifika tatu nimesahau kama ni tatu ya kuongeza au ya kutoa. Hanga ikafanya kazi yake.

"Ulichunga ngamia wangapi wewe?" Arbia akafoka. "Na huwezi kuhesabu karata?"

"Ngamia hatuhesabu!" nami nikamfokea. "Ukisimama kwenye mlango wa zizi ukaanza moja, mbili, tatu, unaita hasara. Bibi yangu angenirushia fimbo. Tunatazama tu wanavyopita, na tunajua nani hayupo."

Nikaziokota karata, nikamrudishia. Arbia akashusha hanga.

"Mwaga tena," nikamwambia. "Pole pole kwanza."

Karata ndogo nikaziita mbuzi. Kubwa nikaziita ngamia. Zile saba, nane, tisa ni punda wa maji, waende wanakotaka. Mbuzi na ngamia ni sawasawa kwa wingi, Arbia alikuwa amenionyesha. Zizi ni moja, mlango ni mmoja. Sikuhesabu kitu. Nilitazama tu wanavyotoka, na mbuzi walipozidi kutoka nililiona zizi lilivyobadilika, shingo ndefu zimejaa ndani.

"Simama," nikasema. "Waliobaki ni ngamia."

Arbia akazifunua zilizobaki. Mfalme. Kumi. Malkia. Tatu. Ree. Jeki. Akaniangalia, akachanganya, akamwaga tena haraka. Nikapatia. Akamwaga tena huku ananitukana ukoo mzima ili anichanganye. Nikapatia.

"Ajabu," akasema kwa sauti ndogo. Kisha, paa! "Na uache kuimba!"

"Naimba?"

"Kila zikiwa nzuri unaguna wimbo puani. Atakusikia huyo mchawi."

Nilishtuka, maana ni kweli na sikujua. Ni wimbo wa kisimani. Kwetu ngamia wakikusanyika kunywa, mtu hakai kimya. Anayeteka maji anaita, "Hoo, njooni wenye kiu," na mwenzake anaitikia, "Hoo, maji haya ni yenu." Na mwito hauachwi ukaanguka chini. Mtu mzima akikuita kisimani nawe ukanyamaza, umemtukana yeye na wanyama wake. Mimi nimeitikia wimbo ule tangu sijaota meno yote. Zizi likijaa ngamia kichwani mwangu, pua inaimba yenyewe.

"Funga mdomo," Arbia akaniambia tukiagana. "Na kitu cha mwisho. Uko na kumi na sita, yeye ameonyesha kumi. Huo ndio mkono mbaya kuliko yote. Hapo hakuna sheria, ni hesabu tu. Mbuzi wako wametoka zaidi, tosheka. Ngamia ndio wametoka zaidi, ongeza. Usipojua, umekwisha."

Jumanne adhuhuri. Bishara kafunga komeo. Wanawake wawili wamekaa ukutani, mikono wameinyoosha hina ikauke. Hao ndio mashahidi, na kwa sababu ya hina hawangeweza kugusa chochote. Hooyo Maka yuko kwenye mkeka wake. Feni inazunguka bila faida.

Dhahabu yangu ikawekwa katikati juu ya kitambaa. Kila mmoja akapewa bakuli lenye kokwa za tende, na masharti yakasemwa: atakayelimaliza bakuli la mwenziwe ndiye mshindi. Bishara mwenye benki, anachanganya anapotaka.

"Bismillahi," akasema.

"Usimtaje Mungu kwenye uchafu huu," nikamwambia. Wale wawili wakacheka, yeye akakunja uso.

Mwanzoni niliweka kokwa moja moja, natazama zizi. Bishara anacheza kwa majigambo, anazipiga karata mezani. Mbuzi wakatoka. Wakatoka tena. Nikaona shingo ndefu ndani, nikajaza kiganja, nikaweka.

Mfalme na ree. Ishirini na moja papo hapo.

"Bahati ya kichakani," Bishara akasema.

Nikaweka kiganja kingine. Nikashinda. Bakuli lake lilianza kuonyesha chini. Akachanganya, tukaanza upya, mbuzi wakatoka tena kwa wingi, nami nikanyoosha mkono nijaze kiganja. Hapo ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye kona.

"Hoo, maji haya ni yenu."

Tukageuka sote. Hooyo Maka, macho yamefumbwa, midomo inacheza. Alikuwa ananiitikia.

Mkono wangu ukakwama ndani ya bakuli. Kumbe nilikuwa naimba! Tena mkongwe aliyesemwa kuwa kiziwi ndiye aliyenisikia.

Bishara akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akautazama mkono wangu ndani ya bakuli. Mtu mbaya yule, lakini mpumbavu si yeye.

"Kumbe unaimba," akasema taratibu. Akazikusanya karata zote, akazichanganya.

Mzizi wangu ukakatwa hapo. Tukacheza tena, nikauma ulimi, nikajikaza. Zizi likajaa ngamia, na jamani, kitu cha tangu utoto hukizuii kwa kuuma ulimi. Puani kikatoka kidogo tu. Bishara akachanganya. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Kila neema ikikaribia anaimwaga, na katikati ananipiga kwa mikono midogo midogo. Bakuli langu likawa halina hata kokwa za kufunika chini.

"Imba, mchungaji, imba," akasema. "Sauti nzuri. Tutakuita kwenye harusi ya mke mwenzio."

Wale wawili wakacheka tena, safari hii kwa upande wake.

Nilitaka kulia. Nilishazitazama bangili zangu kwa kuziaga. Halafu hasira ikanishika, na mimi hasira haijawahi kuniangusha. Nikamtazama Bishara mikononi, si usoni. Anasubiri nini? Anasubiri wimbo. Akisikia wimbo, anachanganya. Basi mwenye kuamua karata zichanganywe lini ni nani hapa, yeye au mimi?

Karata zilizofuata zilianza kwa wafalme na ree mfululizo. Ngamia wote nje, zizi limebaki mbuzi. Karata mbovu za kumwua mtu. Nikashusha pumzi, nikaimba puani kidogo, kama mtu aliyejisahau.

Bishara akachanganya!

Zikaja mbovu tena. Nikaimba. Akachanganya tena, anatabasamu, anajiona mjanja wa Garissa nzima. Zikaja nzuri, mbuzi wanatoka mmoja baada ya mwingine, na mimi nikajaza mdomo tende niliyoiokota kwenye sahani ya wageni. Nilitafuna kama ngamia mwenyewe. Pua ikanyamaza kimya. Nikaweka kiganja.

Nikashinda. Nikaweka viwili. Nikashinda.

Bishara akaanza kutokwa na jasho juu ya mdomo. "Huimbi?" akauliza.

"Niimbe nini? Umenikataza."

Mkono wa mwisho niliweka nusu ya kilichobaki kumfilisi. Nikapata sita na tano. Kumi na moja, na yeye kaonyesha sita. Arbia angekuwepo angeniinulia hanga nisijaribu kufikiri. Nikaweka mara mbili, nikaomba karata moja. Malkia! Ishirini na moja. Bishara akafunua yake iliyofichwa, kumi. Ana kumi na sita, sharti avute. Akavuta, akaitupa mezani.

Mfalme. Kaungua.

Bakuli lake lilikuwa tupu. Nilivuta dhahabu yangu nikaivaa pale pale, bangili kwa bangili, ili zilie masikioni mwake.

"Wewe mwizi!" Bishara akapiga kelele. "Umeniroga!"

"Nimekuroga na nini? Karata zako, nyumba yako, mikono yako ndiyo iliyogawa. Mpigie dalali simu. Mwambie Barwaqo hapandi lori la mtu."

"Sipigi!"

"Mashahidi hawa hapa."

Wale wawili wakatazamana, kisha mmoja akasema, bila kuinua mikono yake, "Bishara, umeshindwa, abaayo, dada yangu. Piga simu."

Bishara akachukua simu. Nami, nawaambieni ukweli wangu, moyo ulikuwa unaruka. Nilishamwona Iftin ameshika kamba ya ndama wake.

"Weka simu chini."

Haikuwa sauti ya mtu aliyelala. Hooyo Maka alikuwa ameketi juu ya mkeka, macho mawili wazi, makavu, yananitazama mimi.

"Hooyo, umeamka?" Bishara akasema.

"Mimi sijalala katika chumba hiki hata siku moja. Nyamaza, mjinga wewe. Kwanza aliimba karata zikiwa nzuri, ukamgundua kwa sababu yangu. Halafu akawa anaimba zikiwa mbaya ili uzichanganye, na ukamfuata kama mbuzi kwenye majani. Sijui nilikuzaa vipi."

Bishara akaiweka simu chini.

Nikapiga magoti. Si kwa kupenda. "Hooyo, ngamia ni wa Iftin. Mjukuu wako. Nilitaka kumrudisha tu."

"Ulimpeleka wapi hata ukawa unamrudisha?" akauliza. "Mnyama wa kitovu si wako. Huwezi kumweka mezani, kama usivyoweza kuiweka pua ya mtoto. Wiki jana nilikuwa hapa hapa. Ungekuja kwangu ukasema, 'Hooyo, nimefanya ujinga,' neno moja langu lingemtoa Barwaqo mikononi mwa huyu. Nilikungoja. Ulipita hapa mbele yangu mara ngapi? Hata salamu ulinipa ukitazama ukuta."

"Usingenisaidia. Hujawahi kunipenda!"

"Sikupendi, kweli. Ni nani aliyekwambia simsaidii mtu mpaka nimpende?"

Hilo lilinichoma kuliko hanga zote za Arbia. Nilitamani anitukane tu.

Akajikokota hadi mezani, akakaa mahali pa Bishara, akazivuta karata kwake. Vidole vile vya mkongwe vilizichanganya kwa wepesi ambao sijauona hata kwa Arbia.

"Ulimchukua Barwaqo kwa Bishara kwa kamari," akasema. "Sasa mchukue kwangu kwa hiyo hiyo, maana ndiyo lugha unayoiamini. Ukishinda, ngamia ni wa Iftin, na mimi nilikuwa nimelala, sikuona kitu. Nikishinda, Barwaqo atakaa kwenye kundi langu kwa alama yangu, na Guleid nitamweleza mimi mwenyewe, leo."

"Na haramu je, Hooyo?"

"Mimi na Mola wangu tutaongea wenyewe. Mikono mitatu ya mchezo tu, bila kuweka kitu. Wa nne ndio wa ngamia. Sichanganyi katikati."

Nikamtazama. Hachanganyi! Mikono mitatu ya bure, karata zinapita mbele ya macho yangu, kisha mkono mmoja wa ngamia? Bikizee kajifunga mwenyewe kamba. Nikaketi upesi kabla hajabadili mawazo.

"Gawa," nikasema.

Akainua karata ya kwanza. Hakuiweka chini. Akaimba, wazi kabisa, sauti ya mtu aliyeteka maji miaka yote ya ujana wake.

"Hoo, njooni wenye kiu."

Akasubiri. Karata iko hewani.

Nikakaza meno. Naye akanitazama tu. Wale wawili ukutani wakainua macho, wote watoto wa ngamia kama mimi, na wakaniangalia kama mtu anayeacha mwito wa mkubwa wake uanguke chini. Sikuweza. Mniue, sikuweza.

"Hoo, maji haya ni yenu," nikaitikia.

Karata ikashuka. Akainua nyingine. "Hoo, mwenye ndama atangulie."

"Hoo, kisima ni kirefu, kamba ipo."

Kila karata na mwito wake. Nisipoitikia haigawi. Nikiitikia, zizi langu linafutika kichwani, nauona mchanga wa Hadado, namwona mama yangu na ndoo ya ngozi. Mkono wa kwanza ukapita. Nadhani mbuzi walitoka wengi. Wa pili ukapita. Walikuwepo wafalme wawili, au ni mmoja aliyetoka mkono wa kwanza? Mkono wa tatu sikumbuki hata nani alishinda.

"Sasa," Hooyo Maka akasema, "ngamia."

Akagawa, anaimba, naitikia. Nikafunua zangu. Kumi na sita. Na mbele yake, uso juu, kumi ya kopa.

Mbuzi wametoka zaidi, nitosheke. Ngamia wametoka zaidi, niongeze. Nikatafuta kichwani, nikatafuta kila kona, na kilichokuwemo ni maji na kamba tu.

Nje, lori likapiga honi kwenye kona ya barabara. Honi ya Guleid naijua hata nikiwa usingizini. Bishara akakimbilia kwenye komeo.

"Naa, Ruweyda," mkongwe akasema, kidole juu ya karata inayofuata. "Unaongeza, au umetosheka?"

Nikafungua mdomo nimjibu, ukatoka wimbo.